Programu mbili, majibu mawili: nishike JAGS, brms au PyMC?

Swali limetoka kwa msomaji wa Siaya. Linahusu programu za takwimu za Bayes, zile zinazounganisha data na mitawanyo ya awali, yaani tunachoamini kuhusu kila kigezo kabla ya kuona data:

"Hujambo mwalimu. Ninashughulikia data katika mradi wa kilimo huku Siaya. Tumehesabu kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi, kwenye mashamba ya mahindi katika vijiji 24, msimu wa mvua ndefu na ule wa mvua fupi. Baadhi ya wakulima wanatumia Vuta Sukuma, yaani wanapanda desmodiamu pamoja na mahindi, wengine wanalima kama kawaida. Zaidi ya theluthi ya mashamba hayakuwa na mmea hata mmoja wa kayongo, na mtu amenishauri nitumie modeli ya sifuri za ziada. Mkuu wangu alinipa msimbo wa zamani wa JAGS. Nilipouendesha, ukaonyesha Vuta Sukuma inapunguza kayongo sana. Nikaambiwa JAGS imepitwa na wakati, nikaihamishia modeli ileile kwenye brms, nikinakili kila kitu hadi nambari za mitawanyo ya awali. brms ikasema hakuna tofauti yoyote, tena bila onyo hata moja. Rafiki yangu wa Eldoret ananishauri niachane na lugha ya R kabisa nihamie PyMC ya Python. Nishike ipi? Na niamini jibu lipi? Laptopu yangu ina GB 4 za ramu. Nimekubandikia mistari niliyotumia."

Sijambo dada yangu, na asante sana kwa kunibandikia hiyo mistari. Bila hiyo ningekuwa nabahatisha tu, na jambo hili halitaki kubahatisha, kwa maana kuna wakulima watakaoambiwa wang'oe au wasing'oe desmodiamu kulingana na utakachoandika.

Nianze na swali lako la mwisho. Jibu la brms usiliamini. La JAGS liamini nusu, na sababu nitaieleza. Ila programu hizo mbili hazikubishana hata kidogo. Uliziuliza maswali mawili tofauti, na kila moja ikajibu swali lake kwa uaminifu.

Tazama mstari wako wa JAGS. Kigezo cha mfumo wa kilimo umekipa dnorm(0, 0.001). Kwenye brms ukaandika normal(0, 0.001). Kwa macho ni kitu kimoja. Lakini ukienda soko la Kibuye hapa Kisumu umwambie mama muuza mahindi "nipe mbili", atakuuliza mbili za nini, gorogoro au debe? Programu haiulizi. JAGS, kama mama yake BUGS, programu iliyoitangulia, ikiona nambari ya pili pale inaichukulia kuwa usahihi, yaani moja gawanya kwa mraba wa mkengeuko sanifu. Usahihi wa 0.001 maana yake ni varianse ya 1000, na kipeuo cha pili cha 1000 ni kama 31.6. Kwa hiyo kwenye JAGS ulisema: "Kigezo hiki kinaweza kuwa popote, kwa mkengeuko sanifu wa 31.6." Stan, ambayo ndiyo injini ya brms, inachukua nambari hiyohiyo kuwa mkengeuko sanifu wenyewe. Huko ukawa umesema: "Nina hakika kabisa kwamba Vuta Sukuma haibadilishi hesabu ya kayongo hata kwa asilimia moja." Kwenye kipimo cha logi, mkengeuko sanifu wa 0.001 unaruhusu mabadiliko ya karibu sehemu mbili kwa elfu, basi. Data ya vijiji 24 haina nguvu ya kuuvunja ukuta wa namna hiyo.

Utajuaje kwamba ndicho kilichotokea? Fungua tena matokeo yako ya brms uangalie mstari wa msimu. Mtawanyo ule uliuweka kwa class = "b", kundi la vigezo vya athari kama mfumo na msimu, na hiyo inagusa vigezo vyote vya kundi hilo kwa pamoja, si kile cha Vuta Sukuma peke yake. Kigezo cha msimu nacho kitakuwa kimeganda kwenye sifuri. Kisha shuka hadi mkengeuko sanifu wa shamba uulinganishe na ule wa JAGS. Nina hakika umepanda. Tofauti kati ya shamba la Vuta Sukuma na shamba la kawaida haikupotea. Uliifungia mlango wake, ikaingia kupitia mlango wa jirani, ikajiita tofauti ya kawaida baina ya shamba na shamba. Ndiyo maana hukupata onyo. Minyororo yote, yaani mifululizo ya sampuli ambayo programu huichota, ilikubaliana, na R-hat, kipimo cha makubaliano hayo, ikawa safi, kwa sababu kuichota modeli ile ilikuwa kazi rahisi. R-hat inakuambia kama programu imeijibu modeli uliyoandika. Haijui kama modeli hiyo ndiyo uliyokusudia.

Kosa hili nimelikuta kwenye tasnifu, kwenye ripoti za miradi, na katika msimbo wa watu waliosoma kunizidi. Linawapata hasa wanaohama kutoka familia ya BUGS kwenda familia ya Stan, kwa sababu mradi wa BUGS ulianza Cambridge mwaka 1989 na vizazi vya wanafunzi vimefundishwa kwa nambari zile za 0.001. Na usidhani desturi hiyo imezikwa. INLA, ambayo watu wengi wa ramani za magonjwa huku kwetu wanaitumia, nayo inapima mitawanyo ya awali ya vigezo kwa usahihi. Kwa hiyo kabla ya kunakili nambari yoyote kutoka programu moja hadi nyingine, fungua ukurasa wa maelezo wa mtawanyo huo usome kila nafasi inapokea nini. Ni dakika mbili.

Sasa, kwa nini nasema JAGS uiamini nusu? Mkengeuko sanifu wa 31.6 kwenye kipimo cha logi si unyenyekevu, ingawa wengi tulifundishwa kwamba mtawanyo mpana ni njia ya kusema "mimi sijui, data iseme". Hatua moja tu ya mkengeuko huo, ukiirudisha kwenye hesabu ya mimea, ni kuzidisha kayongo kwa zaidi ya trilioni 50. Hakuna shamba Siaya lenye nafasi hiyo. Ukiwa na data nyingi, haitakudhuru sana. Ukiwa na vijiji vichache, au kijiji ambacho wakulima wote ni wa Vuta Sukuma, upana ule unaanza kuvuta majibu. Weka normal(0, 1) kwa maana ya Stan. Hiyo inasema: nategemea mfumo wa kilimo upunguze au uongeze kayongo kwa kiasi ambacho kwa uwezekano wa asilimia 95 hakizidi mara saba na kitu. Mkulima yeyote wa Ugunja au Yala angeona hiyo ni kauli ya mtu mwenye akili. Ukitaka kuandika jambo lilelile kwa JAGS, ni dnorm(0, 1), na hapo kwa bahati nambari zinalingana, maana moja gawanya kwa mraba wa moja ni moja.

Tugeukie swali lako la kwanza: ushike ipi.

Majina unayotajiwa hayako ngazi moja, na watu huyalinganisha kana kwamba yako. Kuna injini, na kuna kiolesura, yaani mlango unaopitia kuifikia injini. Stan ni injini pamoja na lugha yake, ilitoka mwaka 2012, na imepewa jina la Stanislaw Ulam, mwanahisabati aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa mbinu za Monte Carlo, za kukadiria kwa kuchota sampuli za nasibu. Unaweza kuifikia moja kwa moja kwa kuandika lugha ya Stan na kuiendesha kupitia CmdStanR au RStan ukiwa kwenye R, au CmdStanPy ukiwa kwenye Python. Juu ya milango hiyo kuna mingine ya starehe zaidi: rstanarm, na brms ya Paul-Christian Bürkner. Hii ya brms inapokea fomula fupi, inakuandikia msimbo wa Stan, kisha inaupeleka ukakompailiwe. PyMC ina injini yake ndani ya Python, na mlango wake wa fomula unaitwa Bambi. JAGS ya Martyn Plummer unaifikia kutoka R kupitia rjags. Ukisikia watu wanabishana "brms au Stan", wanabishana kuhusu mlango na nyumba yake.

Kwa kazi yako, shika brms. Sababu yangu si kwamba ni ya kisasa. Sababu ni kwamba mtu mwingine ofisini kwenu anaweza kuisoma modeli yako nzima kwa mstari mmoja:

kayongo ~ mfumo + msimu + offset(log(eneo)) + (1 | kijiji/shamba)

Hapo kila kitu kiko wazi. Hesabu ya kayongo inategemea mfumo na msimu, imerekebishwa kwa ukubwa wa eneo lililohesabiwa, mashamba yako ndani ya vijiji, na shamba moja limehesabiwa zaidi ya mara moja. Katika msimbo wako wa JAGS sikuona eneo popote. Ikiwa mlihesabu kwenye vipande vyenye ukubwa mmoja, sawa. Kama kipande kimoja kilikuwa mita 5 kwa 5 na kingine 10 kwa 10, unalinganisha gorogoro na debe tena, na hapo JAGS na brms zote zitakupotosha kwa pamoja, zikikubaliana.

Ubaya wa brms ni huohuo uzuri wake: ufupi unaficha. Usipoitajia mtawanyo wa awali kwa vigezo vya kundi la b, inaweka mtawanyo tambarare usio na mwisho. rstanarm nayo inaweka mitawanyo ya wastani iliyorekebishwa kulingana na vipimo vya data yako. Kwa hiyo mtu akiendesha fomula ileile kwenye milango hii miwili bila kugusa chochote, ameendesha modeli mbili tofauti juu ya injini moja. Kabla ya kuchota lolote, endesha get_prior kwa fomula yako usome inachotaka kukuwekea. Ukishaandika yako, endesha stancode kwenye matokeo usome msimbo wa Stan uliozaliwa. Mara ya kwanza utakuogopesha. Tafuta sehemu tatu tu: data, parameters, model. Ndani ya model tafuta jina la mtawanyo wako. Ukiona normal_lpdf ikifuatiwa na 0 na 0.001, utashtuka pale pale kabla hujamwandikia mkuu wako barua.

Nina ombi moja ambalo naona lina uzito kuliko uchaguzi wenyewe wa programu. Endesha modeli kwanza na sample_prior = "only". Hapo brms inaweka hesabu zako pembeni na kukuonyesha dunia ambayo mitawanyo yako ya awali inaiamini. Chora hesabu za kayongo zinazotoka. Kwa mitawanyo ile ya 31.6, utaona mashamba yasiyo na mmea hata mmoja yamekaa kando ya mashamba yenye mimea mingi kuliko chembe za mchanga wa ufukwe wa Usenge. Kwa ile ya 0.001, utaona mfumo haubadilishi kitu kamwe. Picha hiyo moja ingekuokoa wiki hizi ulizosumbuka. Ila kwa zoezi hili lazima vigezo vyote vya b viwe na mtawanyo halisi, kwa sababu mtawanyo tambarare usio na mwisho hauwezi kuchotwa.

Sasa sifuri, maana hapa ndipo data ya kayongo inapokuwa na tabia yake. Unasema zaidi ya theluthi ya mashamba hayakuwa na mmea hata mmoja, na mtu amekushauri utumie modeli ya sifuri za ziada. Subiri kidogo. Ushauri huo kwa kawaida hutoka kwa mtu anayefikiria mtawanyo wa Poisson, ule wa hesabu ambao varianse yake ni sawa na wastani wake. Chukua wastani wa mimea 6 kwa kipande. Poisson inategemea kipande kimoja tu katika kila 400 kiwe na sifuri. Ukilinganisha na data yako, bila shaka utasema sifuri zimezidi. Lakini tumia binomia hasi, mtawanyo wa hesabu unaoruhusu varianse kuzidi wastani, yenye kigezo cha umbo cha 0.3 na wastani uleule wa 6, na utaona inategemea vipande 40 katika 100 viwe na sifuri, bila sifuri yoyote ya ziada. Ni mtawanyiko tu.

Na kayongo hutawanyika hivyo. Mmea mmoja unamwaga makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, mbegu zinakaa ardhini kwa miaka mingi zikingoja mzizi wa mahindi au mtama, kona moja ya shamba inakuwa zambarau na kona ya pili iko safi. Sifuri za ziada zina maana kama kweli kuna mashamba ya aina mbili: yasiyo na mbegu ardhini kabisa, na yenye mbegu ambayo msimu huo hukukuta mmea. Hilo ni swali la udongo, na wanaolijua ni wakulima wenyewe. Waulize kama shamba hilo limewahi kuonekana na kayongo miaka iliyopita. Desmodiamu nayo inaliongezea utata, kwa sababu mizizi yake huchochea mbegu za kayongo ziote bila kupata mahali pa kujishika, zikafa. Shamba lililokaa muda mrefu kwenye Vuta Sukuma linaweza kuwa linahama taratibu kutoka kundi la pili kwenda kundi la kwanza. Kwa hiyo ukiweka sifuri za ziada bila kuziunganisha na mfumo wa kilimo, unaweza kuikata athari ya Vuta Sukuma vipande viwili, kisha ukaripoti kimoja.

Swali la sifuri ndilo linalotenganisha milango hii kuliko kasi au umaarufu. rstanarm ina binomia hasi, lakini haina ya sifuri za ziada. Ukifika hapo umefika mwisho wake. brms unabadilisha neno moja tu: family = negbinomial() inakuwa zero_inflated_negbinomial(). JAGS inakuruhusu kuandika kigezo kilichofichika cha moja au sifuri kwa kila shamba, "shamba hili lina mbegu" au "halina", na ikakichota moja kwa moja. Kwa kufundishia, sijaona lugha inayoonyesha wazo hilo wazi kuliko hiyo, na ndiyo sababu siwaambii wanafunzi waitupe JAGS. Stan haichoti vigezo vya namba nzima, kwa hiyo ukiandika mwenyewe lazima ujumlishe uwezekano wa hali zote mbili kwa mkono. brms inakufanyia hilo kimyakimya.

PyMC nayo inao mtawanyo huo tayari, lakini iko gorogoro na debe nyingine hapa, tena mbaya. Kigezo cha zi kwenye brms ni uwezekano wa sifuri ya ziada. Kigezo cha psi kwenye PyMC ni kinyume chake, uwezekano wa kipande kutoka upande wa binomia hasi. Rafiki yako wa Eldoret akikuletea matokeo yenye 0.8 nawe una 0.2, msigombane. Mnasema kitu kimoja.

Kumhusu rafiki yako huyo, hajakosea. PyMC ni programu nzuri, inachota sampuli kwa mbinu iitwayo NUTS kama Stan, na michoro ya ArviZ, maktaba ya Python ya kuchunguza matokeo, napenda kuitumia hata kwa matokeo yaliyotoka Stan. Kama mradi wenu wote ungekuwa kwenye Python, kuanzia kusafisha data hadi ramani, ningekuambia uende naye, uanze na Bambi kwa sababu fomula zake zinafanana sana na za brms. Wewe data yako iko R, msimbo wa mkuu wako uko R, na unalazimika kueleza kazi kwa watu wanaosoma R. Kuhama lugha katikati ya uchambuzi kunaongeza sehemu za kukosea. Programu nyingine kama Turing ya lugha ya Julia na NumPyro ziache kwa sasa. Ni za kazi ambazo hunazo.

INLA iweke akilini kwa mwaka kesho. Mbinu yake ilichapishwa mwaka 2009 na Håvard Rue na wenzake. Haichoti minyororo, inakadiria kwa hesabu, na kwa modeli za ramani ni ya haraka mno. Mkiamua kuchora kayongo kwa viwianishi vya kila shamba kutoka Bondo hadi Busia, laptopu yako ya GB 4 itakushukuru. Lakini kwa vijiji 24 na maswali kuhusu mfumo na msimu, huihitaji.

Hiyo laptopu inatosha. Kinachowasumbua watu huku si ramu bali kukompaili. Kila modeli mpya ya brms inageuzwa kuwa C++, na kwa hilo Windows inahitaji Rtools, zana za kukompaili, nayo ni faili kubwa. Ipakue mahali penye intaneti ya uhakika, siyo kwa bando la simu ukiwa kijijini, na ujaribu modeli moja ndogo hadi mwisho kabla hujaondoka. Niliwahi kwenda na kundi la watu kumi kwenye mafunzo nje ya mji, laptopu saba hazikuwa na Rtools, na siku nzima ya kwanza ikaishia kwenye kupakua. Tangu hapo huwabebea kwenye flashi. Kama ukikwama kabisa, rstanarm ina modeli zilizokompailiwa tayari, na stan_glmer.nb itakuwezesha kuanza na binomia hasi leo hii. Endesha minyororo miwili kwa wakati mmoja badala ya minne, cores = 2, ufunge kivinjari, na modeli yako itaisha bila mashine kuganda.

Kwa sababu ya umeme kukatika, tumia file = ndani ya brm ili matokeo yahifadhiwe yakishakamilika. Hapa nakuonya kwa uchungu wa kweli. Ukibadilisha modeli na kuacha jina la faili lilelile, brms haiiendeshi upya. Inafungua faili la zamani na kukurudishia majibu ya zamani. Nilipoteza karibu siku mbili nikijiuliza kwa nini mtawanyo mpya haubadilishi lolote. Weka file_refit = "on_change" na usahau mateso hayo.

Ukishamaliza, soma maonyo kabla ya majibu. R-hat isizidi 1.01. Sampuli faafu (effective sample size) kwa kila kigezo zisipungue 400. Ukiona mipito iliyoachana (divergent transitions), ishara kwamba Stan imeshindwa kuchota vizuri sehemu fulani, ambayo huihesabu na kuitangaza, usiipuuze hata kama ni kumi katika 4,000. Mara nyingi katika modeli kama yako inatoka kwenye mkengeuko sanifu wa kijiji ukikaribia sifuri, mahali ambapo umbo la mtawanyo linabana kama mdomo wa faneli. Pandisha adapt_delta, kipimo kinachoifanya Stan ichukue hatua ndogo zaidi, kutoka 0.8 hadi 0.95. Ikibaki, mtawanyo wa awali wa mkengeuko huo unahitaji kuangaliwa, pengine normal(0, 1) badala ya ule mpana unaokuja wenyewe. JAGS mahali hapo hapo ingeweza kukwama kwenye kona bila kusema neno, ikakupa namba nzuri. Hii ndiyo sababu ya kweli ya kuhamia Stan: inalalamika inapotakiwa kulalamika.

Kwa mkuu wako, usimpelekee ujumbe kwamba "JAGS ilikosea" wala "brms ilikosea". Endesha modeli ileile kwa zote mbili, mitawanyo ya awali ikiwa imetafsiriwa sawasawa: normal(0, 1) huku na dnorm(0, 1) kule, eneo likiwemo kote, na kigezo cha umbo kikiwa na mtawanyo mmoja. JAGS inaandika binomia hasi kwa p na r, kwa hiyo utageuza: r ndiyo umbo, na p ni r gawanya kwa jumla ya r na wastani. Zikikupa majibu yanayokaribiana, umeonyesha kwamba tafsiri ni sahihi, na una haki ya kuendelea na brms peke yake. Zikiachana tena, nibandikie mistari yote miwili kama ulivyofanya safari hii, pamoja na idadi ya vipande vyenye sifuri kwa kila mfumo na kila msimu. Hizo hesabu nne ndizo nitakazozitazama kwanza.